Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Uyoga Wetu na Soko la Nje

Ndugu wajumbe wa Kamati Tendaji, ndugu wanachama, na wageni wetu mlioitikia mwaliko,

Nawashukuru kwa kufika, hasa mliotoka kata za mbali, maana hali ya barabara zetu wakati wa mvua mnaijua wenyewe. Mapato na matumizi ataeleza Mweka Hazina, na taarifa ya mafunzo na mgao wa mbegu mmeshapewa nakala. Mimi naomba nitumie muda wangu mwingi kwa swali ambalo nimeulizwa karibu na kila kikundi nilichotembelea mwaka huu: tutauza lini uyoga wetu Ulaya, Uarabuni na China, na kinachotukwamisha ni nini?

Msimamo wa Kamati ni huu: tutauza mkavu, na kinachotukwamisha ni unyevu na kumbukumbu. Ushuru wa Ulaya na China si tatizo. Umoja wa Ulaya tangu mwaka 2001 unapokea bidhaa za nchi zenye uchumi mdogo, Tanzania ikiwemo, bila ushuru wala ukomo wa kiasi, isipokuwa silaha. China nayo tangu tarehe 1 Desemba 2024 imeziondolea nchi za kundi letu ushuru wa bidhaa zote. Kwa hiyo mwanachama akiambiwa na dalali kwamba bei yake inashushwa kwa sababu ya ushuru wa huko, aombe karatasi aione.

Wapo wanachama wanaotaka tupeleke uyoga mbichi kwa ndege. Nawaelewa, kwa sababu mamama, yaani uyoga wa oyster tunaoulima, akiwa mbichi na amechumwa asubuhi anapendeza na bei yake inavutia. Lakini tukae na hesabu ya safari yenyewe. Mamama anataka baridi ya karibu na nyuzi sifuri tangu saa anapochumwa, na hata hapo ana siku chache tu kabla kingo hazijageuka rangi. Kutoka hapa Mafinga hadi uwanja wa ndege Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 500, na katikati kuna mlima wa Kitonga, ambako lori moja likiharibika foleni inalala. Hatuna gari la baridi. Uyoga mbichi tuupeleke kwenye hoteli na masoko ya Iringa, Mbeya na Dar es Salaam, ambako mnunuzi anaweza kupigiwa simu na kusubiri. Kuupeleka mbichi ng'ambo kwa sasa ni kuhatarisha jasho la watu.

Sasa kuhusu kukausha. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo kazi ya mwaka ujao ilipo.

Uyoga mbichi ni maji kwa takriban asilimia 90. Kilo kumi ukizikausha vizuri unabaki na kama kilo moja. Kiwango cha kimataifa cha Codex kinataka uyoga mkavu usizidi asilimia 12 za maji. Uyoga aina ya shiitake pekee ameongezewa hadi 13. Ukizidi hapo uyoga unaota ukungu, na mzigo wa meli unakaa baharini wiki kadhaa ndani ya kontena linalopata joto mchana na kupoa usiku. Mfuko mmoja wenye unyevu unatosha kuharibu wa jirani.

Sampuli tulizotuma mwaka huu kwa mnunuzi mmoja wa Ulaya zilisifiwa kwa rangi na harufu, ila alituandikia kwamba mifuko haifanani: mmoja mkavu kabisa, mwingine laini. Tulifuatilia kikundi kwa kikundi, na sababu tumeiona kwa macho. Wengi wanatazama kofia. Kofia ikikakamaa wanasema tayari, wakati kikonyo kinachelewa na ndani bado kina maji. Mama mmoja wa kikundi cha bondeni alituonyesha anavyofanya yeye: anachana kishada kwa mkono, kwa urefu, kila uzi wa kikonyo upate hewa, kisha kabla ya kufungasha anachukua kipande kinene kuliko vyote na kukivunja karibu na sikio. Kikilia, anafunga. Kikipinda, kinarudi kwenye kaushio. Kipima unyevu kilikubaliana naye kila mara. Nimeomba awe mwalimu wa vikundi vyote, na amekubali.

Jambo la pili ni saa ya kufungasha. Unyevu wa ukungu wa jioni wa hapa Mufindi unaingia kwenye uyoga mkavu upesi sana, na uyoga ukifungwa ungali na joto la kaushio unatoa jasho ndani ya mfuko. Utaratibu mpya ni kuuacha upoe ndani, kwenye kivuli, kisha kufunga mchana jua likiwa kali, kwenye mfuko usiopitisha hewa. Mifuko ya salfeti ibaki kwa mahindi.

Jambo la tatu linawahusu wanachama wanaotoka maeneo ya tumbaku. Mmependekeza tutumie mabani, yaani nyumba za kukaushia tumbaku, yaliyokaa bure kukaushia uyoga. Kamati imekataa, na naomba mtuelewe. Mwaka 2009 Ulaya ilikuta nikotini kwenye uyoga mkavu wa porini, mwingi ukiwa umetoka China, na tangu hapo nikotini imewekewa kikomo kidogo mno, cha miligramu chache tu kwa kilo ya uyoga mkavu. Ukuta wa bani umeshiba tumbaku kwa miaka mingi. Kwa sababu hiyo hiyo hakuna kuvuta sigara kwenye kaushio wala mahali pa kuchambulia. Na wanaotaka kuufanya uyoga uwe mweupe kwa dawa za salfa waache, kwani zikizidi miligramu 10 kwa kilo lazima zitajwe kwenye lebo kama kitu kinachodhuru baadhi ya watu, na uyoga wetu una rangi nzuri bila dawa.

Kuhusu mali ghafi ya kuoteshea, uyoga unanyonya kilichomo, iwe dawa ya shamba au madini mazito kama kadimiamu, na maabara za wanunuzi zinapima vyote. Kila kikundi kiandike majani au maranda yametoka shamba gani.

Uyoga wa manjano wa miyombo nao umeanza kuulizwa, na nina imani nao sana. Wajerumani na Wafaransa wanapenda mno ndugu yake wa misitu yao, lakini wao wanauchuma majira yao ya joto. Wetu unatoka Desemba hadi Aprili, wakati misitu yao ina baridi kali. Tena baada ya ajali ya Chernobyl ya mwaka 1986 uyoga wa porini wa Ulaya Mashariki unapimwa mionzi hadi leo, nasi tunaweza kuingia sokoni na cheti cha mionzi cha Tume ya Nguvu za Atomiki mkononi. Ila uyoga huu haulimwi. Unaishi na mizizi ya miyombo, na mti ukikatwa kwa mkaa uyoga wake unakwenda nao. Mama zetu wanaujua kila kichaka, wanajua na ule wenye sumu unaofanana nao. Kamati haitanunua uyoga wa porini kwa mchumaji asiyejulikana, wala haitauchanganya na wa bandani hata gunia moja.

Vyeti vingine ni vya kawaida: usajili wa bidhaa kwa Shirika la Viwango (TBS), cheti cha afya ya mimea kutoka Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu (TPHPA), na kibali cha Wakala wa Huduma za Misitu (TFS) kwa mazao ya msitu. Mzigo wa Ulaya ukizidi thamani ya yuro 6,000 unahitaji msafirishaji aliyesajiliwa kutoa tamko la asili ya bidhaa. Katibu ameanza kufuatilia usajili huo kwa jina la chama.

Mtaombwa leo kupiga kura kwa mambo matatu. La kwanza, kila kikundi kiwe na kipima unyevu kimoja, kikinunuliwa kwa mfuko wa chama. La pili, kila mfuko uwe na namba ya toleo inayoonyesha kikundi, banda na siku ya kukausha. Mfuko usio na namba usipokelewe ghalani, uwe wangu au wa mwanachama mwingine yeyote. La tatu, mauzo ya nje yafanywe kwa jina moja la chama, na kikundi kinachotaka kuuza peke yake kiruhusiwe, lakini bila kutumia nembo yetu.

Fomu za kura zipo mezani kwa Katibu. Namkaribisha Mweka Hazina.