Barua kwa mwanangu anayekwenda Salaita

Old Moshi, Alhamisi

Mwanangu Elisante,

Habari ya safari yenu ya Taveta nimeipata kwa dada yako, si kwako. Haya. Kwamba mwalimu anawapeleka kuona uwanja wa Vita Kuu ya Kwanza wa Salaita nimefurahi, na kwamba wewe ndiye uliyechaguliwa kuwaeleza wenzako pale kilimani nimefurahi zaidi, hata mama mchungaji nimeshamwambia. Lakini dada yako amenipa na la pili: yule rafiki yako wa Kijenge, Arusha, anakuja na mashine ya kupimia madini ndani ya begi, atafute dhahabu ya Mjerumani. Elisante, mtu anakwendaje kusoma historia na mashine?

Ya shimo la nyuma ya zizi unayajua, siyarudii. Watu wanamsema marehemu baba yako peke yake. Ng'ombe wa maziwa haondoki zizini bila mama mwenye nyumba kuitikia, ila hayo tuyaache.

Zile karatasi zako ulizoacha juu ya kabati nimezisoma zote, mpaka macho yakaniwasha. Umeandika vizuri, ingawa mwandiko wako bado ni ule ule wa kuku. Umeeleza Wajerumani walivyoingia Taveta Agosti 1914 wakajichimbia Salaita, na jinsi tarehe 12 Februari 1916 Mwingereza alivyowatuma askari wa Afrika Kusini wakiteke kile kilima. Mizinga ikapiga mahandaki ya kileleni, kumbe hayo ni ya kuzugia, wenyewe wamejibanza chini vichakani. Makaburu wakatimua mbio, wakaja kuokolewa na Wabaluchi wa jeshi la India, watu waliokuwa wakiwadharau. Hapo nilicheka peke yangu jikoni. Mimi kilima hicho nimekipita mara nyingi kwa basi la Mombasa, nikilala.

Sasa tumia karatasi zako mwenyewe. Mwezi wa tatu Smuts, jenerali wa Mwingereza, alizungukia upande wa ziwa Chala, Mjerumani akaona atafungiwa njia, akaondoka Salaita bila kupigana. Siku chache baadaye wanauana usiku kule kwenye vilima vya Latema na Reata, na katikati ya Machi Mwingereza yuko hapa Moshi. Na zile sarafu za dhahabu zenye tembo, za rupia 15, ambazo huyo wa Kijenge anazililia, umeandika kwa kalamu nyekundu kwamba zilifuliwa Tabora mwaka huohuo wa 1916, wakati Moshi imeshatekwa. Basi niambie, sarafu ambayo haijafuliwa ilifukiwa Salaita saa ngapi?

Mali ya Mjerumani! Kila mwenye kiwanja huku ana mali ya Mjerumani chini ya mgomba, na kila mwaka anatokea fundi mwenye ramani. Walichoacha pale kilimani ni mahandaki, maganda ya risasi, makopo na mifupa ya watu. Na makombora ambayo hayakulipuka. Hiyo mashine haijui rupia wala kombora, ikikuta chuma inalia tu, kisha kijana anachukua sururu. Mashine ibaki Arusha.

Halafu ile ni Kenya. Wana sheria yao ya makumbusho na urithi ya mwaka 2006, kuchimba mahali kama pale bila kibali ni kosa. Taveta mimi nalijua soko, Jumatano na Jumamosi. Mahakama yake siijui, na sitaki kuijulia kwako.

Kuna jambo limenikera katika maandishi yako, nilitaka kukuambia kwa simu nikaona utanikatiza. Smuts umempa ukurasa, von Lettow, mkuu wa jeshi la Mjerumani, ukurasa na nusu. Wapagazi mstari mmoja! Kilima kile hakina maji. Mwingereza alivuta bomba kutoka Bura, sawa, umelisema, lakini bomba liliishia njiani, na kutoka pale maji, unga na risasi vilipanda kichwani kwa nani? Wapagazi waliokufa upande wa Mwingereza tu, katika vita vyote vya huku kwetu, wanakadiriwa kukaribia laki moja, na wengi wao waliuawa na maradhi na njaa. Askari wana makaburi yao Taveta, na hapa Moshi mjini pia, yamefyekwa vizuri kuliko ya kwetu kanisani. Wapagazi wengi hawana hata jiwe. Ukisimama pale mbele ya wenzako wasemee hao, na usiharakishe. Unajua kusema wewe, hilo hukulitoa kwa baba yako.

Na usiokote kitu. Hata ganda moja la risasi la kumletea mpwa wako, usiokote.

Huku mfongo, mfereji wetu wa maji, umebomoka juu kwa mzee wa mtaa, zamu yetu ya maji imesogezwa hadi Jumanne. Mbuzi kazaa mapacha, mmoja hataki kunyonya, dada yako anamnywesha kwa chupa. Hela uliyotuma ilifika, ila nusu imekwenda kwenye bati la jikoni, usiniulize.

Nimekupa mkungu wa mchare na parachichi kwa konda wa kosta ya saa nne. Umlipe palepale, usimzungushe kama safari iliyopita. Kadi yako ya njano, ya chanjo ya homa ya manjano, uliisahau kwenye droo ya cherehani. Nilikaa nayo siku mbili nikiwaza niibane usiende, maana bila hiyo mpaka wa Holili hupiti kirahisi. Nimeona hapana, utakwenda. Imo katikati ya parachichi, ndani ya bahasha ya kaki, usije ukaitupa na majani. Ukifika mpakani nipigie, usinitumie ujumbe, na unipe huyo wa Kijenge niongee naye.

Mama yako