Barua ya kufunga muhula: Kobe, Nyegere na betri iliyotoa moshi

Ndugu Mzazi/Mlezi,

YAH: KUFUNGA SHULE NA MAELEZO KUHUSU ROBOTI ZA KLABU YA SAYANSI

Salaam. Matokeo ya mtihani wa muhula na tarehe ya kufungua shule vimo kwenye ripoti aliyokuja nayo mwanao, hivyo sitavirudia hapa. Ninaandika zaidi kwa sababu ya swali nililoulizwa na wazazi watatu kwa nyakati tofauti, mmoja wao pale getini: "Mwalimu, eti ni kweli mnawafundisha watoto kupiganisha mashine?"

Ni kweli. Mchezo wenyewe si wa kwetu. Ulipata umaarufu San Francisco, Marekani, mwaka 1994, kwa juhudi za Marc Thorpe, ambaye kabla ya hapo alikuwa akihangaika kutengeneza kifyonza vumbi cha kuongozwa kwa rimoti. Kule mashine za uzito wa juu hufika kilo 113, zaidi ya gunia la mahindi, nazo hugharimu fedha ambazo sisi tungejengea choo cha wanafunzi. Za kwetu ni mbili, kila moja haizidi kilo moja na nusu. Tulizipima kwa mizani ya duka la jirani, na mwenye duka akataka kujua tunauza nini.

Niseme mapema kuhusu fedha, maana najua jicho la mzazi huanzia hapo. Hakuna aliyechangishwa. Roboti zote mbili zimetumia shilingi 94,500 kutoka mauzo ya mchicha wa bustani ya shule, na stakabadhi anazo mwalimu mlezi wa klabu. Vilivyonunuliwa ni vile visivyookoteka: bodi mbili za Arduino (kompyuta ndogo za kuongozea mashine), vipokezi vya Bluetooth, saketi za kuendeshea mota, mota moja ya sevo (inayogeuka hadi pembe unayoitaka na kubaki hapo) na betri. Mota za magurudumu zilitoka kwenye bisibisi za umeme zilizokufa. Awali tulijaribu zile mota za njano za bei poa zenye gia za plastiki. Meno yake yalinyolewa siku ya kwanza.

Miili ya roboti imekatwa kwenye dumu la mafuta ya kula la lita 20. Msicheke. Tazameni chini ya dumu kama hilo, mtaona namba 2 ndani ya pembetatu. Plastiki ya aina hiyo haipasuki ikigongwa, inabonyea na kurudi, na hata Ulaya na Marekani wanaofanya kazi hii kwa pesa ya mfukoni hutumia vibao vya jikoni vya kukatia nyama, ambavyo vingi ni plastiki hiyohiyo.

Kidato cha Tatu walitengeneza Kobe. Haina silaha, ina mdomo tu uliokatwa kwenye msumeno chakavu wa fundi seremala, wa kuingia chini ya mwenzake na kumsukuma. Walikaa alasiri mbili na tupa wakinoa ukingo ule, kwa sababu nafasi ya unene wa karatasi kati ya mdomo na sakafu inatosha kukupotezea pambano. Kidato cha Pili walitengeneza Nyegere, yenye mkono wa kubinua. Mwanzoni roboti zote mbili ziliongozwa kwa rimoti za magari ya kuchezea ya mtumba, mpaka tulipogundua kwamba rimoti zote mbili ni za megahezi 27. Mmoja akibonyeza, zinakwenda zote mbili. Ndipo tukahamia Bluetooth, kwa simu za walimu.

Kuna wanafunzi waliotaka kisahani kinachozunguka. Nilikataa, na hesabu walifanya wenyewe ubaoni. Kisahani cha gramu 200 chenye kipenyo cha sentimita 10, kikizunguka mara 6,000 kwa dakika, kinabeba nishati ya karibu jouli 49, sawa na jiwe la kilo moja lililodondoka kutoka mita tano. Ukiongeza kasi mara mbili, nishati inakuwa mara nne. Wenye kucheza hivyo hujifungia ndani ya kuta za plastiki ngumu ya polikaboneti. Sisi ukumbi wetu ni meza ya tenisi isiyo na miguu, iliyozungushiwa madawati yaliyolazwa ubavu.

Sasa jambo ambalo baadhi yenu mmelisikia vibaya. Moshi uliotoka stoo mwezi uliopita haukutokana na sigara. Ulitokana na betri ya lithiamu iliyotolewa kwenye kompyuta mpakato mbovu, ikaachwa inachajiwa usiku kwa chaja ya kuungaunga. Ruhusa niliitoa mimi. Nilikuwa mwalimu wa fizikia miaka mingi kabla ya kukalia kiti hiki, na nilijua kwamba seli hiyo haipaswi kupita volti 4.2, wala kuachwa bila mtu. Iliunguza kasha la plastiki na rafu moja. Hakuna aliyeumia, lakini lawama ni yangu. Tangu siku ile tunatumia betri ndogo za nikeli za kuchajiwa (Ni-MH), sita kwa kila roboti, jumla volti 7.2. Saketi zetu za bei nafuu hula karibu volti mbili njiani, ndiyo maana mashine zetu zinatembea kama zimetoka kula ugali.

Pambano lenyewe lilikuwa la dakika tatu. Nyegere iliibinua Kobe vizuri kabisa, madawati yakapigwa makofi, kisha ikasimama katikati ya meza. Tukahesabu hadi kumi, kimya. Hakuna aliyeipiga. Waya wa swichi ulikuwa umechomoka, risasi ya kulehemu ilikuwa imekaa juu juu bila kushika shaba. Binti aliyeulehemu alilia. Kesho yake aliifungua yote, akalehemu upya kila kiungo na kukifunga kwa uzi wa fundi viatu. Pambano la marudiano liko wiki ya pili ya muhula ujao, Ijumaa saa tisa alasiri. Mzazi anayependa kuja anakaribishwa.

Likizoni mwanao anaweza kukuomba vitu vibovu. Drili, printa, magari ya kuchezea, mpe. Betri za simu na za kompyuta usimpe. Na tafadhali sana asifungue mikrowevu wala televisheni ya chogo, hata kama haijachomekwa ukutani: kapasita zake hubaki na umeme wa kuua.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mkuu wa Shule

N.B. Aliyeazimisha ule msumeno akidhani utarudi, naomba aje tuzungumze.