Chai iliyovundikwa: barua kwa Mama kutoka Kunming

Kunming, Uchina

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Na Baba mpe shikamoo yangu. Dhumuni la barua hii ni kukujulia hali, na kukueleza habari ya kifurushi atakachokuletea mwenzangu wa Korogwe anayerudi likizo. Ukikifungua utakuta kitu cheusi cha duara, kigumu kama sabuni ya mche, kimeviringwa kwenye karatasi. Usikitupe, Mama. Ni chai.

Tena ni ndugu ya chai yetu. Mchai wa huku Yunnan ni ule wa majani mapana, jamii ya Assam ya India, na michai mingi ya Afrika Mashariki ina damu hiyo hiyo. Nilipofika Menghai, kusini kabisa mwa jimbo hili, nilishika jani nikajiona niko shambani Bumbuli, umande hadi magotini. Ila kinachofanyika baada ya kuchuma ndicho kilichonirudisha nyuma miaka mingi.

Unakumbuka siku lori lilipochelewa? Magunia yalilala barabarani usiku kucha. Baba alitia mkono katikati ya gunia akauchomoa haraka kwa lile joto. Asubuhi majani yalikuwa mekundu, yananuka, na karani akayakataa yote. Baba aliyamwaga kando ya njia, hakusema neno, akakunja magunia moja moja.

Huku joto kama lile ndilo linalotafutwa. Majani hukaangwa kwanza kwenye karai, yakasokotwa, yakaanikwa juani. Yakishakauka hurundikwa sakafuni, kimo cha kama mita moja, yakanyunyiziwa maji na kufunikwa. Ndani ya rundo joto hupanda hata kupita nyuzi 50, vijidudu na kuvu vikafanya kazi yao, na watu hulipindua kila baada ya siku kadhaa ili lisiungue. Hukaa hivyo wiki sita, pengine zaidi. Ni kuvundika, Mama, kama unavyovundika ndizi. Njia hii ilianza kutengenezwa hapa hapa Kunming mwaka 1973, kwa sababu chai ya zamani ilitaka miaka na miaka ndipo ilainike. Wenyewe huita ile ya zamani “mbichi”, na hii “iliyoiva”. Jina la zote mbili ni pu'er.

Ikishaiva hulainishwa kwa mvuke na kushindiliwa kuwa mkate wa gramu 357. Mikate saba hufungwa pamoja kwa maganda ya mwanzi.

Niliyokutumia si ya bei kubwa. Ni ya kila siku, ile ambayo wazee wa sokoni hunywa tangu asubuhi. Ina miaka kama kumi. Ikiwa mpya hunuka gunia bichi, na miaka ndiyo huiondolea harufu hiyo. Sasa inanukia udongo uliopigwa na mvua ya kwanza, na mbao kuukuu. Mimina kikombe ukiinue dirishani: utaona damu ya mzee. Mdomoni ni nzito na laini, haina ukakasi hata kidogo, na ukishameza hubaki utamu wa tende.

Kuipika ni hivi. Usiivunje kwa nyundo. Chomeka kisu chembamba pembeni, ukinyanyue taratibu hadi kipande kibanduke chenyewe, maana majani yakisagika chai huwa chungu. Mimi huweka gramu 7 kwenye kibakuli cha mililita 100. Maji yawe yanatokota hasa. Ya kwanza mimina, hesabu hadi tano, umwage: hayo ni ya kuyaosha na kuyaamsha majani. Baadaye kila mkupuo sekunde kumi tu, halafu unachuja yote. Majani yale yale utayarudia mara nane, hata kumi, ukiongeza muda kidogo kidogo. Ukiona ni kazi, tia kipande kama ncha ya kidole gumba kwenye chupa ya chai ya nusu lita, funga, uende shamba. Ukirudi itakuwa tayari.

Sukari iache kwanza, nakuomba. Ionje yenyewe. Maziwa sikukatazi, kwani Watibeti, ambao karne nyingi walipelekewa chai ya huku kwa misafara ya farasi na nyumbu, huipiga na siagi na chumvi.

Kuitunza ndiko kunakonitia wasiwasi, kwa ukungu wa milima yetu. Usiitie kwenye mfuko wa nailoni. Iache na karatasi yake ndani ya chungu kikavu, mbali na moshi, vitunguu na dagaa. Ukiona utando mweupe wenye manyoya, hiyo imeharibika.

Baba asianze na kikombe cha kwanza wala cha pili, majani huwa hayajafunguka. Mpe cha tatu. Usimweleze ilivyotengenezwa hadi amalize, kisha msomee barua hii, uniandikie alivyosema.

Wasalimie wote, na Bibi mshikie miguu kwa niaba yangu.

Mwanao akupendaye