Marie Curie mmemmaliza kwa habari za mume wa mtu

Assalaam alaikum Mhariri,

Nimetoka zamu sasa hivi na macho mazito lakini nikilala na hili moyoni sitolala. Ile makala yenu ya filamu ya Marie Curie, yule mwanasayansi wa mionzi, ile aliyocheza Rosamund Pike, nimeisoma mara mbili kwenye simu ndani ya daladala nikidhani labda kuna pahala nimeruka, kumbe sikuruka kitu. Nusu ukurasa mwandishi wenu anamzungumza mama yule na Paul Langevin, mwanafizikia mwenzake na mume wa mtu, mpaka idadi ya watoto wa huyo bwana katuhesabia, wanne. Radiamu, ile elementi yenye mionzi aliyoigundua, kaipa sentensi moja, na sentensi yenyewe nayo chongo, eti alipata Nobel "pamoja na mumewe", basi hapo kamaliza. Alipata mbili bwana! Ya fizikia 1903 na mumewe Pierre na mwanasayansi mwenzao Becquerel, halafu ya kemia 1911, peke yake, mjane.

Mimi nafanya kazi chumba cha eksirei, hospitali siitaji. Kila nikiingia zamu naivaa aproni ya risasi, ile metali nzito inayozuia mionzi, na kile kitambaa chake cha kunatia ubavuni kimeshachoka zamani kwa hivyo naikaza kwa kipande cha kanga, mabega mpaka saa nane mchana yanawaka moto. Na beji kifuani ya kupima mionzi niliyokula. Sasa yule mama hakuwa na aproni wala beji, alikuwa akitia vichupa vya radiamu mfukoni kama peremende, na madaftari yake mpaka leo Paris yamewekwa kwenye masanduku ya risasi kwa vile bado yana mionzi. Kwa hiyo msinambie huyu ni mtu wa kuandikiwa umbea, mie nahisi kama ni mkubwa wangu wa kazi.

Filamu tuliiona nyumbani, kijana mmoja wa Darajani kanitilia kwenye flashi, na bibi yangu kakaa pembeni na tambuu yake mimi namtafsiria. Tulipofika pale magazeti yanamwandama na watu wanampigia kelele bibi akauliza, "Kwani huyu mumewe si keshakufa?" Nikamwambia kafa 1906, kagongwa na gari la farasi mvua inanyesha, na haya ya Langevin yametoka magazetini 1911. Akahesabu vidole. "Miaka mitano? Eda imekwisha zamani. Basi huyo bwana si amuoe tu mke wa pili, ugomvi wa nini?" Tukacheka mpaka umeme ukakatika, na ukakatika kweli, tumemalizia kesho yake.

Lakini Mhariri kuna kitu mwandishi wenu hakukigusa hata kidogo. Magazeti ya Paris yalijuaje? Barua walizoandikiana wawili hao ziliibiwa. Zilichukuliwa ndani ya nyumba, zikafika upande wa mke wa Langevin, mwisho zikachapishwa gazetini mtu mzima anazisoma na kahawa yake asubuhi. Ni sawasawa na leo mtu achukue simu yako, apige picha meseji zako azimwage kwenye magrupu ya mtaa mzima, na wengine tumo humo humo tunasoma na kusema astaghfirullah huku tunashusha chini kuona iliyobaki. Watu walijaa nje ya nyumba ya Marie pale Sceaux, karibu na Paris, na ndani mna watoto, Irène ana miaka 14 na Ève hajatimiza hata saba. Na ni Novemba hiyo hiyo ya 1911 ndo habari ya Nobel ya pili imetangazwa! Mtaalamu mmoja mkubwa wa Sweden, Arrhenius, akamwandikia bora asije kuichukua. Marie akamjibu kwamba tuzo ni ya kugundua radiamu na poloniamu, na kazi yake ya sayansi haihusiani na maisha yake ya ndani. Akenda Stockholm akaichukua.

Langevin naye alimwita mhariri mmoja aliyezichapisha barua wapigane kwa bastola, wakafika uwanjani na mashahidi wao, hakuna aliyefyatua. Usiogope Mhariri, mie sina hata manati.

Na kama mnataka maisha ya ndani basi yako mengi matamu kuliko hayo. Kwao Poland chuo kikuu wanawake hawaingii, Marie akakubaliana na dada yake: nenda Paris ukasome udaktari, mimi nitafanya kazi majumbani kwa watu nifundishe watoto wao nikutumie pesa, ukishatengenea na mimi univute. Nani hapa Unguja hana ndugu aliyesomeshwa hivyo? Halafu lile banda lao la kazi linalovuja, tani kwa tani za madini ya urani kuitafuta radiamu, yeye anakoroga masufuria kwa fimbo ya chuma karibu urefu wake, miaka, mpaka 1902 wakapata sehemu ya kumi ya gramu. Chumvi unayotia kwenye yai inazidi hapo. Usiku wakishalaza mtoto wanarudi yeye na mumewe kutizama vichupa vinavyong'ara gizani, kama bahari usiku ukiipiga kafi. Mtoto anabaki na baba mkwe, mzee Eugène, na huyo mzee ndo aliyewalea wale wasichana hata mwanawe alipokufa, lakini nani atamwandika mzee wa watu.

Filamu yenyewe sisemi haina kasoro, ile ya kurukaruka mara bomu la atomu la Hiroshima mara ajali ya nyuklia ya Chernobyl ilinichanganya. Ila zile gari za eksirei za vita vya 1914, mama na Irène wa miaka 17 wanawapiga picha askari waliojeruhiwa, pale nilisimama, nikamwambia bibi hii ndo kazi yangu.

Sina ugomvi na mwandishi wenu, anaandika vizuri. Safari nyengine aulize tu barua zimetoka wapi.

Na kama anapenda mambo ya ndoa, mjukuu wa Marie Curie aliolewa na mjukuu wa huyo huyo Langevin, wote wawili wanafizikia. Nilipomwambia bibi akatema tambuu pembeni akasema, "Si niliwaambia."

Mtumishi wa chumba cha eksirei,
Unguja