Wazazi waelezwe msamaha wa matibabu kabla hawajauza vitu

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie ukimya unaowagharimu wazazi wenye watoto wagonjwa.

Mwaka jana mpwa wangu wa miaka sita alianguka kutoka kwenye mwembe, akavunjika mkono. Katika hospitali ya serikali tuliyomkimbiza alipigwa picha na kufungwa plasta ipasavyo, na kwa hilo sina lawama. Bili ilipotoka, mama yake, ambaye riziki yake ni kushona sare za shule, aliuza cherehani. Siku ya kuruhusiwa, mfanya usafi aliyekuwa akipiga deki wodini ndiye aliyemuuliza kwa mshangao kwa nini hakupita kwa mtu wa ustawi wa jamii. Chumba chenyewe kilikuwa nyuma ya stoo, mlango hauna hata kibao.

Wengi tunajua kwamba kwa mujibu wa sera mtoto wa chini ya miaka mitano hatozwi katika vituo vya umma. Tusichoambiwa ni kwamba akishavuka umri huo, mzazi asiye na uwezo anaweza kuombewa msamaha kwa afisa ustawi wa jamii, ambaye humhoji na mara nyingi hudai barua ya serikali ya mtaa au kijiji. Mzazi aliyetoka wilaya nyingine, mtoto akiwa tayari kitandani, ataifuataje barua hiyo?

Naelewa kwamba hospitali hutegemea makusanyo, na kwamba wapo watakaolia umaskini ilhali pikipiki zao zimeegeshwa getini. Lakini kuwachambua hao ndiyo kazi ya afisa huyo, na mlango wake ukifichwa, mjanja atauona tu. Atakayeukosa ni mwenye haya.

Pa kuanzia ni kliniki. Siku ya kupima uzito mama hukaa kwenye benchi asubuhi nzima akisubiri mwanawe aning'inizwe kwenye mzani na kuchomwa chanjo, na muuguzi huutumia muda huo kufundisha uji wa lishe na vyandarua. Dakika tano zingetosha kueleza msamaha, pamoja na namba 115 ya m-mama kwa usafiri wa dharura wa wajawazito na vichanga, na 199 ya Wizara ya Afya, ambazo zote hupigwa bure. Aongeze pia kwamba watoto wenye saratani hutibiwa bila malipo Muhimbili, maana wapo wanaouacha uvimbe wa jicho la mtoto ukue wakidhani tiba hiyo ni ya matajiri. Namba hizo zigongwe muhuri kwenye kadi ya kliniki, ambayo akina mama huitunza katika mfuko wa nailoni kuliko hata cheti cha ndoa.

Waganga wakuu wa wilaya nao waanze na kibao mlangoni, jambo ambalo halihitaji bajeti mpya. Cherehani ya dada yangu bado iko kwa aliyeinunua, ambaye sasa humkodishia kwa siku.

Mjomba wa mtoto