Mwanangu, vitamini B12 haimo kwenye tunda

Mwanangu Neema,

Ujumbe wako nimeusoma. Eti ukifika chuoni utakula matunda matupu, kwa kuwa ubongo wa binadamu ulijengwa na matunda. Nafurahi kwamba unasoma, na hoja yako haikuzuka hewani. Utafiti wa 2017 uliolinganisha spishi zaidi ya 140 za jamii ya nyani ulikuta wala matunda wana ubongo mkubwa kuliko wala majani kwa takriban robo, uzito wa mwili ukishahesabiwa. Mti wa matunda huiva kwa msimu wake, tena mbali. Anayeutegemea sharti akumbuke wapi na lini.

Lakini huko ni kulinganisha spishi na spishi, si msichana na mwenzake. Na sokwe wa Gombe wanakula matunda hadi leo, ubongo wao ni sentimita za ujazo kama 400. Wetu ni 1,350 hivi. Pengo hilo matunda peke yake hayakulijaza. Kule bonde la Olduvai kuna mifupa ya wanyama yenye alama za kukatwa kwa mawe, ya miaka karibu milioni 1.8: wahenga wetu walikula nyama. Hata hao sokwe huwinda mbega, Neema, hilo umeliruka.

Kinachonitisha ni B12, vitamini ya damu na mishipa ya fahamu. Hakuna tunda lenye B12. Unahitaji mikrogramu 2.4 kwa siku, na ini huweka akiba ya miaka, kwa hiyo mwanzoni utajisikia mwepesi na kuona mama anakuza mambo. Tena matunda yana foleti, vitamini nyingine, nayo huficha upungufu wa damu unaoletwa na kukosa B12. Damu itapimwa ionekane nzuri, kumbe mishipa ya fahamu inaharibika: ganzi miguuni, kuyumba, kusahau. Ukichelewa, mengine hayaponi. Wala unga wa spirulina, ule wa kijani utokao majini, usikudanganye, B12 iliyomo kwa sehemu kubwa haitumiki mwilini mwetu.

Protini je? Kwa kilo zako 55 unahitaji gramu 44 kwa siku. Ndizi mbivu moja ina 1.3 hivi. Piga hesabu, wewe ndiye uliyetupa raha kwenye matokeo ya hesabu.

Matunda kula, tena mengi. Ila ongeza mayai, maharage, karanga, na dagaa. Ukikataa kabisa vya mnyama, basi meza kidonge cha B12, usiruke, na nieleze wazi badala ya kunificha kama ulivyozoea.

Dagaa wamepanda basi la asubuhi, mama yako mdogo atawapokea. Waoshe kwa maji ya uvuguvugu mara tatu, mchanga huzama chini, kisha wakaange mpaka wakauke kabisa. Wakibaki na unyevu wataota ukungu ndani ya kopo. Baba yako anauliza chandarua umechukua kipi, maana kile cha bluu kimetoboka. Risiti ya ada iko kwenye bahasha juu ya dagaa, itoe kabla haijashika harufu.

Mama yako