Kwa wazazi mnaojiuliza mlikosea wapi

Wanangu,

Salamu kwanza. Najua wengi wenu mtaisoma barua hii kwa kujificha, simu umeiinamisha mwenzako asione, kwa hiyo sitazunguka. Mtoto wako amekuambia, au umegundua mwenyewe, kwamba anavutiwa na watu wa jinsia yake. Tangu hapo usingizi umekuruka. Unaupitia utoto wake upya, mwaka baada ya mwaka, ukitafuta ni wapi palipoharibika.

Mama mmoja aliwahi kuniletea daftari. Alikuwa ameandika humo kila alichodhani ndicho chanzo: baba kuhamishwa kikazi mtoto akiwa mdogo, kucheza sana na dada zake, shule ya bweni, rafiki fulani, hata homa kali aliyougua akiwa mchanga. Ile ya baba kaipigia mstari mara mbili. Nililisoma lote, kisha nikamuuliza: na kaka yake, aliyelelewa nyumba hiyo hiyo na baba huyo huyo asiyekuwepo, mbona yeye hayuko hivyo? Alinyamaza. Sikuuliza ili nimshinde, nilitaka tu alifunge lile daftari.

Nimekuwa mkunga na muuguzi maisha yangu yote ya kazi, na jambo hili nimelisoma kwa muda mrefu kwa sababu wazazi hawakuacha kuniuliza. Ninayowaambia ni yale ambayo utafiti umeonyesha.

Tuanze na baba, maana ndiye anayelaumiwa kuliko wote. Dhana ya baba aliye mbali na mama anayedekeza ilipata nguvu mwaka 1962, daktari wa akili Irving Bieber na wenzake wa Marekani walipochapisha kitabu chao kuhusu wanaume mashoga. Waliwachunguza akina nani? Wagonjwa waliokuwa tayari wanatibiwa na madaktari wa akili, tena maelezo yakatoka kwa madaktari hao hao. Ukitaka kujua afya ya watu wote kwa kuwapima waliolazwa hospitalini tu, utasema dunia nzima inaumwa. Na hata pale baba alipokuwa mbali kweli, yawezekana ni yeye aliyejitenga baada ya kuona mwanawe hafanani na wavulana wengine.

Kuna ushahidi mzito zaidi dhidi ya hoja ya malezi. Miaka ya nyuma, watoto wachache waliozaliwa wavulana lakini wakiwa na hitilafu kubwa ya uume, au walioumia wakiwa wachanga, walifanyiwa upasuaji wakalelewa kama wasichana. Waliitwa majina ya kike, wakavishwa magauni. Kama malezi ndiyo yanayoamua mtu ampende nani, hawa wangependa wanaume. Waliofuatiliwa hadi ukubwani walivutiwa na wanawake. Malezi mazito kiasi hicho hayakuwageuza, sembuse kucheza na dada zako jioni.

Basi ni damu? Hapa nawaomba msikimbilie upande wa pili. Mwaka 1991 utafiti wa Bailey na Pillard ulionyesha kwamba mwanamume shoga akiwa na pacha wa kufanana, kwa asilimia 52 pacha huyo naye alikuwa shoga. Watu wakashangilia. Lakini washiriki walipatikana kwa matangazo, na utafiti wa Australia wa mwaka 2000 uliotumia orodha ya mapacha wa nchi hiyo ukapata takriban asilimia 20 kwa wanaume. Pacha wa kufanana wana vinasaba, yaani chembe za urithi, vile vile. Kama vinasaba vingekuwa ndio kila kitu, tungepata 100. Mwaka 2019 watafiti walipima vinasaba vya watu karibu nusu milioni. Wakakuta vinachangia kati ya asilimia 8 na 25 ya tofauti za watu katika kujamiiana na wa jinsia yao, tena ni vinasaba vingi mno, kila kimoja na mchango mdogo. Hakuna kipimo cha damu kinachoweza kukutajia mtoto wako atampenda nani. Anayekuuzia kipimo hicho ni tapeli.

Kinachonivutia mimi, mkunga, ni habari ya kaka wakubwa. Kila kaka wa tumbo moja aliyemtangulia mvulana huongeza uwezekano wa yeye kuwa shoga kwa takriban theluthi. Kaka wa kambo au wa kulea hawaongezi chochote, hata wakilala chumba kimoja, bali kaka wa tumbo moja huongeza hata wakilelewa mbali. Kwa hiyo jambo hilo huanzia kwenye mimba. Mwaka 2018 watafiti walikuta kwa baadhi ya akina mama kingamwili, yaani askari wa mwili, dhidi ya protini ya ubongo wa watoto wa kiume, nao wanadhani hiyo ni sehemu ya maelezo. Ila wewe mwenye wavulana wanne usianze kumkodolea macho wa mwisho. Theluthi ya kitu kidogo ni kidogo, na wavulana wengi wa mwisho huoa kama kaka zao.

Sasa lile linalosemwa kwa kunong'ona: aliharibiwa utotoni. Mtoto akidhulumiwa kingono, hiyo ni jinai na ni jeraha, ashughulikiwe aliyetenda na atibiwe aliyetendewa, hata akikua na kuwa na mke na watoto kumi. Lakini wengi waliodhulumiwa hivyo wanavutiwa na jinsia nyingine kama watu wengi, na wengi wanaopenda jinsia yao hawakuguswa na mtu. Usimlazimishe mwanao akutafutie mkosaji ambaye hayupo.

Na kuchagua? Mtu huchagua atende nini na ajiite nani. Mvuto hauchaguliwi. Jiulize wewe ulichagua lini. Ni kweli kwamba kwa baadhi ya watu mvuto husogea. Mtafiti Lisa Diamond aliwafuatilia kwa miaka 10 wanawake wasiovutiwa na wanaume pekee, akaona wengi wao wakibadili namna walivyojitambulisha kimapenzi. Yeye mwenyewe anasema kusogea huko si kwa kuamua.

Ndiyo maana nawasihi msiwapeleke watoto kwa wanaodai kuubadilisha mvuto huo. Daktari Robert Spitzer, aliyesaidia ushoga kuondolewa kwenye orodha ya magonjwa ya akili huko Marekani mwaka 1973, baadaye alichapisha utafiti, mwaka 2003, akisema baadhi ya watu hubadilika. Ulikuwa mahojiano ya simu na watu 200 waliojieleza wenyewe. Mwaka 2012, akiwa mzee na mgonjwa, aliomba radhi hadharani kwa waliopoteza miaka yao kwa kumwamini.

Imani yako ibaki yako. Sikuombi uitupe, wala sikulazimishi uyapende yote uliyoyasikia. Naomba uache kumhoji mtoto kama polisi, usiwatangazie ndugu siri ambayo hajakuruhusu, na karo yake isikatwe kwa hasira. Na akisema amechoka kuishi, hata kwa utani, usingoje kesho: kaa naye, ondoa dawa na vitu vya hatari karibu yake, mpeleke kwa daktari siku hiyo hiyo. Habari za kaka wakubwa na vinasaba zinaweza kusubiri.

Ni mimi mama yenu,
mkunga mstaafu